Msaada wakuu: chenso ya kupanda nayo juu ya mti iwe cc ngapi na ba inchi ngapi?

Changalamacho
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na chenso. Nataka kuanza kazi ya kukata miti ya majumbani hapa Tanga, ile ya kupanda juu unapunguza matawi unashusha kidogo kidogo, maana sehemu nyingi huwezi kuangusha mti mzima, chini kuna jiko, banda la kuku, ukuta wa jirani. Swali langu ni moja tu, chenso ya kupanda nayo iwe cc ngapi na ba yake (ule upanga cheni inapozungukia) inchi ngapi? Nimeuliza maduka matatu nimepata majibu matatu, mmoja kasema kubwa ndio inamaliza haraka, mwingine kasema ndogo, wa tatu kasema zote sawa tofauti ni ba tu. Naombeni majibu ya haraka kidogo kuna kazi inanisubiri. Nawasilisha.

Kitumbua Baridi
Kibali cha jiji unacho? Nyie ndio mnaomaliza miti mjini halafu jua likiwaka mnakuja humu na tabianchi tabianchi. Mti kapanda babu wa mtu, umekaa miaka sitini, wewe unakuja na mdudu wako wa petroli nusu saa kwisha habari yake. Mambo ya cc siyajui.

Mzee wa Mufindi
Kijana, mimi nimekata misonobari msitu wa Sao Hill miaka kumi na kitu, mashine niliyoshika ni cc 72 ba inchi 25, ya Kijerumani, unaiwasha saa moja asubuhi inazimwa saa nane kwa sababu umechoka wewe sio yenyewe. Siku moja ba ikabanwa kwenye msonobari ulioinamia bondeni, nikafungua nati mbili nikatoa mashine, ba nikaiacha mle mle kwenye gogo nikaenda kutafuta kabari. Narudi nakuta nyani wamekaa juu ya gogo wanaiangalia ile ba kama wamekuja kwenye mnada. Na enzi zile msimamizi akikukuta huna kofia unarudi nyumbani siku hiyo hulipwi, sio nyie mnakata na kandambili. Chukua cc 72 hutajuta.

Changalamacho
Shikamoo mzee. Ahsante sana, hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, kubwa inamaliza haraka.

FundiPlagi
Mzee wangu shikamoo, ila hapo unampoteza kijana. Msonobari wa Sao Hill unaukata umesimama chini, miguu yote miwili kwenye udongo, ukiona mambo magumu unakimbia. Yeye anauliza ya juu, huko utakimbilia wapi.

Mkuu Changa, za juu ya mti ni zile ndogo zenye mshikio juu ya injini, cc 25 mpaka 35 na ushee, ba inchi 10, 12, mwisho 14. Bila ba zina kilo mbili na nusu mpaka tatu na nusu hivi. Sio kwamba ya inchi 20 haiwezi kukata tawi, inaweza vizuri tu, tatizo huko juu umejikunja, tawi lipo pembeni halipo mbele yako, na ba ikiwa ndefu wewe unakata hapa yenyewe ncha imeshapita upande wa pili inagusa tawi jingine ambalo hulioni. Ile nusu ya juu ya ncha ikigusa kitu tu, mashine inakurukia usoni hata "mama" hujamaliza kusema. Nimeshamuona mtu ana mshono kutoka nyusi mpaka shavuni, na yeye alikuwa chini kabisa anakata kuni.

Ba unaichagua kwa unene wa unachokata, ikizidi inchi mbili inatosha, tawi likiwa nene zaidi unazunguka unamalizia upande wa pili. Halafu cc unaichagua kwa ba. Ukiweka ba ndefu kwenye mashine ndogo inakosa nguvu, na pampu yake ya oili haifikishi oili mpaka mwisho, cheni inaungua inakuwa ya bluu, hapo unaanza kusema mashine mbovu.

Sasa nijibu vitu vinne: mti gani, una unene gani, mnapanda na nini, na chenso umeshanunua au bado?

Changalamacho
Mti ni mwembe mkuu. Unene wa kawaida tu.

Bi Shuwari
Mwembe wa wapi baba? Maana miembe mingine ya kwetu Tanga si ya kuiendea na makelele bila hodi. Mjomba wangu alikata mwembe wa Raskazone akaumwa mkono mwezi mzima, ngozi imetoka kama ya samaki, watu wakasema wenyewe wamekasirika.

FundiPlagi
Bi mkubwa huo ni utomvu, wa mwembe unababua ngozi. Aoge na sabuni mapema na avae mikono mirefu.

Bi Shuwari
Haya, wewe sema utomvu.

Pawa Soo Kericho
Salamu kutoka Kenya majirani. Huku tunaita pawa soo. Mimi natoa mikaratusi kando ya mashamba ya chai, nina ya cc 35 ba ya inchi 14 ya kupanda na nyingine ya cc 60 ba inchi 18 inangoja chini na kijana. Hiyo ndogo imefungwa kamba fupi kwa mshipi, nikimaliza tawi naiachilia inaning'inia, sishuki nayo mkononi. Na matawi yenye unene usiofika inchi nne sitoi mashine kabisa, ni msumeno wa mkono ule uliopinda, strok kumi limeanguka. Watu hawaamini lakini nusu ya kazi ya juu ni huo msumeno. Pia usisahau kukata chini ya tawi kwanza kidogo ndio uje juu, la sivyo linachanika na gome mpaka pale ulipofunga kamba yako.

FundiPlagi
Umemaliza kila kitu jirani. Mleta mada maswali matatu umeyaruka.

Changalamacho
Sawa wakuu niwe muwazi. Mashine nimeshachukua, cc 58 ba inchi 20, mpya ya Kichina, 280,000. Lakini msinipige kwanza nisikilizeni. Mpango wangu ni huu, nikitaka ya juu natoa ba ya 20 naweka ya inchi 12, tukishuka kwenye shina narudisha ya 20. Mashine moja kazi mbili. Kwanini ninunue mbili wakati injini ni ile ile? Ba ndogo inapunguza uzito na ile hatari ya ncha mliyosema inaisha. Shina la mwembe nimelizungushia kamba nikapata futi saba na nusu, matawi mengi ni kama paja la mtu mzima, kuna moja ndio limelala juu ya bati la jiko la mama mwenye nyumba.

Kuli wa Gati
Paja la mtu mzima yupi mkuu, maana humu kuna watu na watu

FundiPlagi
Futi saba na nusu ni inchi 90, gawanya kwa tatu na kidogo unapata kama 28. Hapo kwa ba ya 20 shina unalimaliza kwa kuzunguka pande mbili, ukiwa chini. Hiyo mashine kwa shina ni sawa kabisa, sina ugomvi nayo. Ila cc 58 hizo nyingi ukifungua ukapima pistoni unakuta 52, usishangae.

Tuje kwenye akili yako ya ba mbili. Uzito wa chenso uko kwenye injini, haupo kwenye ba. Hiyo kitu ina kilo tano na nusu hivi tupu, weka ba, cheni, tanki la petroli na la oili unakaribia saba. Kuweka ba ya 12 umepunguza robo tatu ya kilo, pengine kilo. Halafu mshikio wake uko nyuma, imetengenezwa kwa mikono miwili, juu ya mti mkono mmoja utataka kushika tawi tu hata ukiapa. Na ncha ikiwa fupi haijaacha kuwa ncha, sasa ipo karibu zaidi na uso na nyuma yake kuna injini yenye nguvu mara mbili ya inayohitajika.

Na hata ukitaka kulazimisha, mashine za aina hiyo nyingi cheni yake ni .325, yaani kipimo cha nafasi ya meno kwa inchi, ba za inchi 12 zinazouzwa mtaani nyingi ni za 3/8 ile nyembamba. Haziingiliani. Gia inayozungusha cheni ina nafasi za .325, ukiivalisha cheni ya 3/8 itaruka au itakula gia. Ba ya 12 usinunue.

Changalamacho
Muuzaji kaniambia inaingia.

FundiPlagi
Aliyekuambia ni huyo anayeiuza?

Changalamacho
Nimeshainunua na ba yenyewe. Elfu 35. Ila mkuu mbona watu wengi wanapanda na kubwa tu na hawafi, na dogo ana nguvu kweli kweli, kilo saba kwake ni mchezo.

Bi Shuwari
Dogo? Dogo gani tena?

Mswahili wa Bremen
Mimi niko Ujerumani kazi ya bustani za mji. Huku kozi ya kwanza ya kupanda kwa kamba inaitwa SKT-A, siku tano, na humo juu unatumia msumeno wa mkono tu, chenso hugusi. Ukitaka SKT-B ambayo ndio ya chenso wanataka kwanza uwe na masaa 300 ya kupanda. Na chini lazima awepo mtu anayejua kupanda kuja kukutoa. Siringi jamani, nilikuja na mawazo hayo hayo, nilikuwa nakwea minazi Pangani bila hata kamba nikajiona bingwa, siku ya kwanza tu mwalimu kaniambia nishuke.

Pawa Soo Kericho
Jibuni swali la Bi Shuwari. Nani anapanda?

Changalamacho
Anapanda shemeji yangu, mdogo wake wife. Ana miaka 19. Mimi kusema ukweli juu sipandi, ghorofa ya pili tu nikichungulia magoti yanaondoka. Ila dogo ni mkwezi tangu ana miaka kumi, minazi thelathini kwa siku, peku. Nimemnunulia kamba nzuri ya katani. Sikusema mwanzo kwa sababu swali lilikuwa la mashine sio la mtu.

Bi Shuwari
Yaani mtoto wa watu umpandishe na moto mkononi kwa kamba ya katani. Ukimrudisha kipande utamwambia nini dada yake? Na mkwe wako?

FundiPlagi
Swali la mashine ndilo hilo hilo swali la mtu mkuu. Mnazi hauna matawi, anakumbatia shina anafika juu anakata na panga anashuka. Mwembe anatembea juu ya tawi huku analikata. Na katani cheni ikiigusa tu imekwisha, ikinyeshewa nayo inaoza ndani hujui.

Mzee wa Mufindi
Katani si mbaya kwa kuvutia gogo. Sisi tulikuwa tunafunga na waya wa chuma lakini.

Jicho la Tatu
Wakuu mnaliwa. Hii ni chai ya rangi tena ya tangawizi. Someni vizuri, jina lenyewe Changalamacho. Mwezi wa nne huyu alikuwa na uzi anauza tairi za bodaboda, leo ni mkata miti. Bei ya mashine kaitaja bila kuulizwa, bei ya ba kaitaja bila kuulizwa, shemeji kaletwa pale uzi ulipoanza kupoa. Kesho utaona namba ya simu na "zimebaki tano tu njoo inbox". Katika uzi huu mzima kamba niliyoiona ni moja tu na sio ya katani.

Kuli wa Gati
Hahahaha kamba! Mwenye maandazi ya moto tafadhali

Kitumbua Baridi
Nilijua. Mtu anayekata mti kweli angejibu la kibali.

Changalamacho
Tairi nilikuwa nazo kweli na zimeisha. Mimi naomba ushauri napigwa mawe. Kibali anacho mama mwenye nyumba, mwembe una ufa, karatasi nimeiona. Na kwa taarifa yenu nimeshachukua advansi ya laki moja na nimeshaila, ndio ile ba na kamba na mafuta. Kama ningekuwa nauza ningejisifia, sio kujianika.

FundiPlagi
Jicho unaweza kuwa sahihi, ila muuzaji hawezi kuja kusema bidhaa yake hailingani na ba yake. Tumpime. Mkuu Changa angalia mkiani mwa ba zote mbili, pale penye tundu la oili, kuna namba zimegongwa, ya nafasi ya meno ya cheni na ya upana wa mfereji. Halafu toa cheni ya inchi 20 uhesabu yale meno ya chini yanayotembea ndani ya mfereji wa ba. Ya chini, sio yanayokata.

Jicho la Tatu
Tunasubiri. Saa hizi anagugo.

Changalamacho
Nimerudi. Umeme hakuna nimehesabu kwa tochi ya simu, mara ya kwanza nikachanganyikiwa nikasahau nilipoanzia, ikabidi nichukue rangi ya kucha ya wife nipake jino moja jekundu ndio nianze upya. Nimepata 76. Ba ya 20 imeandikwa .325 halafu .058. Ile ya 12 imeandikwa 3/8 na .050. Na nimejaribu kuipachika, zile boliti mbili hazikai, tundu la oili limeangalia kwenye chuma kitupu. Wife ananiuliza nafanya nini na rangi yake saa tano usiku.

FundiPlagi
76 ndio yenyewe, .325 ya inchi 20. Mtu wa chai hahesabu meno mara mbili. Pole mkuu, ila umeona mwenyewe, hata tundu la oili lisingelingana, cheni ingekuwa inakata kavu.

Jicho la Tatu
Mashine nimekubali. Shemeji bado.

Pawa Soo Kericho
Rudisha hiyo ba kesho kabla haijachafuka. Kisha tafuta mtu aliye na ndogo yake na mshipi wake, yeye juu wewe chini na hiyo 58, mgawane. Huyo kijana ashike kamba ya kushushia matawi, na hata hiyo awe mbali na kivuli cha tawi.

Changalamacho
Mkigawana faida inabaki wapi? Advansi imeshaliwa.

Bi Shuwari
Faida ni kwamba shemeji yako bado ana mikono miwili.

Changalamacho
Ok wakuu mrejesho. Ba imerudishwa, kanipa elfu 25, kumi kakata anasema nimeikwaruza wakati najaribu. Nimempata jamaa wa Pongwe ana ndogo ya cc 25 ba inchi 10 na mkanda wake kabisa, anataka nusu ya hela yote. Kaja kuangalia mwembe, kazunguka mara tatu hajasema neno, akauliza mzinga wa nyuki ule mmeuona? Sikuwa nimeuona. Shemeji ndio alikuwa anaujua, anasema alinyamaza maana nilimwahidi elfu ishirini.

Kuli wa Gati
Mkuu nyuki wana cc ngapi