Famasi za cheni (kampuni moja, matawi kila mahali) zinafungwa mitaani Marekani, mlioko huku tupeane uzoefu

Mpiga Boksi Philly: Wadau wa Marekani habari za masiku. Mimi niko Philadelphia mwaka wa 11 huu na dawa yangu ya presha nilikuwa nachukua famasi ya kona tu, dakika 4 kwa mguu tena na ndala. Siku hiyo naenda nakuta karatasi mlangoni, tunafunga, faili lako tumelipeleka tawi fulani, na hilo tawi ni mabasi mawili kwenda mawili kurudi. Hawajaniuliza kitu, wamenihamisha kama godoro. Sasa kwenu imekuwaje, na kuna anayejua sababu yenyewe? Maana kila ninayemuuliza anasema wezi, wezi.

Mkenya Baltimore: Wueh pole. Wezi wako tusidanganyane, mimi nimeona jamaa akijaza begi sabuni ya kufulia na guard anamuangalia tu. Lakini njia ya kuzuia wizi ambayo wenye famasi walitafuta ilikuwa mbaya kuliko wizi wenyewe. Waliweka kila kitu kwa kioo na kufuli, hadi dawa ya meno. Nilibonyeza kengele nikangoja dakika kumi hakuna mtu, nikatoa simu nikaagiza Amazon nikiwa nimesimama hapo hapo mbele ya hicho kioo. Miezi michache wakafunga, eti wateja hakuna.

Dada Kaunta: Niko Columbus, nafanya kazi nyuma ya kaunta ya famasi mwaka wa 6 (sio mfamasia, msaidizi), ngoja niwaambie. Wizi upo ila umesingiziwa mengi. Walgreens wenyewe, moja ya cheni kubwa za famasi, bosi wao wa fedha alikubali Januari 2023 kwamba pengine walilia kupita kiasi. Tatizo kubwa ni malipo ya dawa. Kati ya famasi na bima kuna dalali, na madalali watatu tu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, ndio wanapitisha karibu 80% ya preskripsheni za nchi nzima. Wao ndio wanapanga famasi ilipwe ngapi. Mimi kuna siku naskani kopo, kompyuta inanionyesha tumelinunua bei hii na bima inalipa chini ya hapo, mgonjwa kasimama mbele yangu, unafanyaje, unampa tu na duka limekula hasara. Zamani hiyo hasara ilizibwa na vitu vya mbele, shampuu, soda, kadi za birthday, sasa hivyo watu wananunua Amazon, Walmart au Dollar General. Halafu walijenga kila kona miaka ile wakifukuzana, cheni hii ikiweka duka na ile inaweka ng'ambo ya barabara, na kodi za pango za mikataba mirefu. Halafu kesi za vidonge vya opioidi (dawa kali za maumivu zinazolevya), 2022 CVS walikubali kulipa kama dola bilioni 5 na Walgreens zaidi ya hapo. Ndio mnaona CVS walitangaza 2021 kufunga maduka 900, Walgreens Oktoba 2024 wakasema 1,200 ndani ya miaka mitatu, cheni nyingine, Rite Aid, wakafilisika 2023, wakarudi mahakamani tena 2025, na Oktoba mwaka huohuo wakafunga mpaka duka la mwisho.

Mpiga Boksi Philly: Subiri dada, huyo dalali CVS Caremark si CVS haohao wenye famasi?

Dada Kaunta: Haohao 😅 waliinunua 2007, na 2018 wakanunua bima ya Aetna. Mfuko wa kushoto na wa kulia. Duka likipata hasara kampuni bado inakula upande wa udalali, wewe na ndala zako ndio unabaki barabarani.

Mtoto wa Uvira: Miye niko Louisville na mama yangu, ana sukari na Kingereza hajui. Pale karibu na sisi kulikuwa mudada mumoja kwenye famasi, Muamerika kabisa, alikuwa anachora jua na mwezi kwenye boxi ili mama ajue asubuhi na usiku. Walifunga. Kule kupya wanamupa simu aongee na mutafsiri, mama anasema ndiyo ndiyo kwa kila kitu, tunafika nyumbani hajui hata dozi. Sasa insulini tunaletewa na posta.

Kaka wa Minneapolis: Huku kuna Mnigeria kafungua famasi yake ndogo, anakuletea mpaka mlangoni na anakujua kwa jina. Jaribuni hizo za watu binafsi. Ila juzi naye kaanza kulia, madalali ni walewale na yeye hana hata soda za kuuza.

Mpiga Boksi Philly: Nitatafuta. Uvira, hiyo insulini ya posta joto la Julai mnafanyaje?

Dada Kaunta: Hapo muwe makini sana. Sanduku linakuja na vipande vya barafu ndani. Mkikuta vimeyeyuka na sanduku lina joto, mama asichome kwanza, pigeni simu wawatumie nyingine. Na muombe lisaini mtu, lisiachwe mlangoni.

Mtoto wa Uvira: Ee dada. La Ijumaa lilibaki inje masaa tatu, tukaweka tu kwa frigo. Napiga simu sasa hivi.