Nimelipia Aldabra, nimeishia Praslin! Jihadharini na meli za kifahari za "visiwa vya mbali" msimu wa kusi

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mtanivumilia.

Mwezi wa sita mimi na mama watoto tulipanda meli ya kifahari pale Mahé, Ushelisheli. Tiketi tuliuziwa Dar na wakala wa kampuni ya nje. Majina siyaweki, madai bado yanaendelea. Safari ilinadiwa kuwa ya visiwa vya mbali kabisa: Desroches, Alphonse, Farquhar, Cosmoledo, na mwisho wa yote Aldabra. Tumelipa zaidi ya dola 15,000 kwa wawili, nauli ya ndege mbali.

Kwa wasioijua, Aldabra ni duara la visiwa vya matumbawe, katikati yake kuna maji yanayojaa na kupwa na bahari. UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Ina kobe wakubwa wapatao laki moja, na kuna ndege mmoja asiyeweza kuruka ambaye mama watoto amekuwa akimwota miaka yote. Iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé. Ukitazama ramani utacheka, maana iko karibu na pwani yetu kuliko ilivyo karibu na makao makuu ya nchi yake. Lakini huwezi kutoka Mtwara ukaenda, lazima uzungukie kwao.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Majahazi ya Uarabuni yalikuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi, hilo hata mtoto wa chuo analijua. Na Juni ni kusi tupu, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Meli zinazokwenda Aldabra kwa kawaida huenda kati ya Novemba na Aprili, bahari ikiwa imelala. Ndiyo maana kabla sijatoa hata senti nilimwandikia wakala: Juni kuna kusi, huko Aldabra tutashuka kweli? Jibu ninalo hadi leo: "Kaka ondoa shaka, hii si boti ya Unguja. Meli ina vidhibiti vya mawimbi, hamtahisi kitu."

Vidhibiti! Jamani, vidhibiti kazi yake ni kupunguza meli kuyumba. Aldabra haina gati. Kila mgeni anashushwa kwenye boti ya mpira ubavuni mwa meli, na wimbi likiwa kubwa hiyo boti inapanda na kushuka, huwezi kumtia mtu mzima humo. Wakala alijibu swali ambalo sikuuliza.

Desroches tulishuka vizuri, sikatai. Alphonse tulishuka tumelowa chapachapa, lakini tulishuka. Vyote hivyo vina viwanja vya ndege na hoteli, mtu mwenye hela anaruka kutoka Mahé anafika bila kutapika. Baada ya Alphonse bahari ikaanza kazi yake. Usiku sahani zilikuwa zinahama meza, nusu ya abiria hawatoki vyumbani. Kesho yake wakati wa chakula cha jioni kiongozi wa msafara akasimama na maikrofoni: kwa sababu ya "hali ya hewa isiyotarajiwa" tunageuza. Farquhar hakuna, Cosmoledo hakuna, Aldabra hakuna. Badala yake "tutafurahia uzuri wa visiwa vya ndani," yaani vile vya karibu na Mahé.

Isiyotarajiwa na nani?! Upepo unaovuma kila mwaka, miezi ileile, tangu kabla ya meli za chuma!

Nahodha simlaumu, hilo lieleweke. Kugeuza ilikuwa sahihi, na mabaharia walituhudumia kwa adabu muda wote. Ugomvi wangu ni na ofisi ya mauzo, iliyokaa kwenye kiyoyozi ikauza Aldabra mwezi ambao ilijua uwezekano wa kufika ni mdogo, kisha ikaficha kwenye masharti kifungu kwamba njia inaweza kubadilishwa bila fidia. Kifungu hicho ni cha dharura. Wao wamekifanya mtaji.

Tukapelekwa Praslin na La Digue. Ni pazuri, ile Vallée de Mai yenye minazi ya ajabu inastahili sifa zake. Ila Praslin kuna feri ya kila siku kutoka Mahé, kama saa moja tu, nauli ya kawaida. Nilipe maelfu ya dola kufika mahali ambapo muuza samaki anakwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Kobe nao wakatuonyesha, kisiwani Curieuse. Wakuu, kobe wa Aldabra nimewaona kisiwani Changuu tangu niko shule ya msingi! Wale wa kwanza waliletwa Zanzibar kutoka hukohuko Ushelisheli mwaka 1919. Kutoka mjini Unguja ni safari fupi ya boti ya injini moja, na unarudi kula urojo.

Kilichonimaliza ni mhadhara. Meli imeipa Aldabra mgongo, sisi tumekusanywa ukumbini tunaonyeshwa picha za Aldabra. Tukaelezwa kwamba mwaka 2019 watu wa kujitolea walikusanya huko tani 25 za takataka zilizoletwa na bahari, nyavu na malapa kwa wingi. Yaani malapa yamefika Aldabra, mimi sijafika!

Haya, njoo kwenye hela. Ndani ya bei kulikuwa na ada ya kuingia hifadhi ya Aldabra. Wasimamizi wa hifadhi sina neno nao. Nauliza kampuni: ada ya mahali ambapo hatukukanyaga iko wapi? Nimeomba risiti, kimya. Bakshishi ya kila siku walikata yote, kwa dola.

Meza yetu tulikuwa na wazee wawili wa Kijerumani. Tunawasiliana mpaka sasa, na wameshapunguziwa bei na kurudishiwa sehemu ya fedha, kwa sababu Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2015 ya vifurushi vya safari: usipopewa ulichouziwa, bei inapunguzwa. Meli moja, wimbi moja, supu ileile. Mimi niliyenunulia Dar nimepewa vocha ya asilimia 10 ya safari ijayo, na barua inayoanza "Ndugu mteja wetu mpendwa". Ukaka umeisha. Wakala sasa anasema yeye ni dalali tu, niwaone wenye meli. Wenye meli wanasema nimwone aliyeniuzia.

Kwa hiyo naomba wajuzi. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo kwa kazi hiyo. Kuna aliyewahi kuwapelekea kesi ya wakala wa ndani anayeuza huduma ya kampuni ya nje? Na kudai kupitia benki malipo ya kadi yarudishwe, mwisho ni muda gani? Barua pepe zote ninazo, pamoja na ile ya vidhibiti.

Wale wa "si ulikuwa na hela za kuchezea" najua mnakuja, piteni tu.

Halafu hiyo vocha nimeisoma vizuri jana usiku. Inatumika kwa safari za Mei hadi Septemba pekee.