Mbio za farasi za Ireland: mizani ni ya nani?

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu, bandugu. Nikitoka kazini mchana napitia kibanda cha kubeti karibu na parking ya teksi. Mpira wa Ulaya bado, kwa hiyo skrini ni farasi tu, na mara nyingi ni wa Ireland: Naas, Galway, Punchestown, mvua na matope. Mimi sijapanda hata punda. Lakini kuna kitu nimekiona. Mbio zikiisha, joki (mpanda farasi) wa farasi aliyeshinda anavua tandiko, analibeba hadi kwenye mizani. Matokeo hayathibitishwi mpaka apimwe.

Hapo ndipo niliposimama. Nilichimba shaba kwa mkono miaka minne. Tukifika depo, mizani ni ya mnunuzi, mashine ya kupima ubora ni ya mnunuzi, na msoma namba ni shemeji yake. Mfuko uliokuwa kilo 50 kule shimoni unakuwa 41. Ukilalamika, unaambiwa mchanga una maji.

Sasa niambieni, kule mizani ni ya nani? Ya mwenye farasi, ya kampuni ya kubeti, au ya Leta, yaani serikali? Na nani analipa yote haya, maana Jumatatu watazamaji ni wachache kuliko watu wa foleni ya maji mtaani kwetu. Je, franka zangu 500 zinafika kwa farasi?

Yaya Mado

Jambo kaka. Mimi ni mtoto wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi), nimeolewa huku Kildare, Ireland, mume wangu anafanya kazi kwenye mazizi. Anayepima ni karani wa mizani wa IHRB, bodi inayosimamia sheria za mbio, kuanzia uzito na dawa hadi adhabu. Ilichukua kazi hiyo 2018. Kabla yake ilikuwa Turf Club, klabu ya watu binafsi ya tangu 1790. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia mbili mizani ilikuwa ya klabu.

Pesa ziko mkono mwingine: Horse Racing Ireland, yaani HRI, chombo cha Leta cha sheria ya 2001. Leta inatenga fungu moja la farasi na mbwa wa mbio. Kwa kila euro 100, farasi 80, mbwa 20. Mwaka 2025 fungu lilikuwa euro milioni 99.1. Sehemu ya farasi inakwenda kwenye zawadi za washindi, matengenezo ya viwanja, na kuiendesha IHRB. (Hizo za mbwa zina ugomvi wake kila mwaka wa bajeti, tuziache.) Mwaka huo wa 2025 viwanja vilikuwa 26, na viwili viko Ireland ya Kaskazini, nchi nyingine yenye pauni, ila wasimamizi ni hao hao. Fikiria Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia, refa mmoja anapiga filimbi pande zote mbili.

Franka zako hazifiki. Kodi ya kubeti ni 2% ya dau tangu 2019, zamani ilikuwa 1%, na inatozwa kwa anayebeti akiwa Ireland, hata kwa simu tangu 2015.

Mzee wa Kadutu (Bukavu)

Yaya, hilo la mwisho kuhusu IHRB umelipitisha haraka, mimi nimelisikia. HRI kazi yake ni kuukuza mchezo, kisha ndiyo inayomlisha mkaguzi? Refa wa Mazembe na Lupopo akila kwa rais wa timu moja, nyinyi wa Lubumbashi mtalala?

Yaya Mado

Papa, sikatai. Na hao wakaguzi nao walibanwa. Mwaka 2023 IHRB iliwekwa mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu, ikaja kujulikana kwamba mwaka uliotangulia euro 350,000 za mfuko wa dharura wa majoki, pesa za walioanguka wakaumia, zilihamishiwa akaunti ya bodi kisha zikarudishwa. Zilirudi, ndiyo. Mume wangu alizima redio bila kusema neno, na yule ni mtu wa maneno. Pesa za Leta zimo, ndiyo maana wabunge walikuwa na haki ya kuuliza. Enzi ya klabu peke yake nani angeuliza?

Mwana Katuba

Asanteni. Kumbe mizani si ya mnunuzi, ila mshahara wa karani na zawadi ya mshindi vinatoka jiko moja. Papa wa Kadutu ana haki, lakini mimi ningepokea hata hiyo. Yaya, moja tu: joki mwenyewe anajua uzito wake kabla, au anangoja kusomewa?

Yaya Mado

Anajua. Kwenye chumba cha kupimia kuna mizani nyingine ya majaribio, anajipima nayo kabla ya kwenda kwa karani.

Mwana Katuba

Sisi tulijaribu hiyo mara moja. Tulikodi mizani ya mama mmoja anayeuza mahindi, tukaifunga kwenye baiskeli hadi depo. Mlinzi akasema mfuko unaingia, mizani inabaki nje.