Naomba ushauri: nitume fedha zote nyumbani kabla muswada wa Trump haujapita?

Mgeni wa Ohio (mleta mada): Wanajukwaa, salaam. Naishi Ohio, Marekani, kwa green card (kibali cha ukaaji wa kudumu), na tangu Mei 22, 2025, Bunge la Wawakilishi lilipoupitisha kwa kura 215 dhidi ya 214 ule muswada ambao Trump anauita mmoja, mkubwa na mzuri, sipati usingizi. Ndani ya kurasa zake zaidi ya 1,000, katikati ya nafuu za kodi, ukuta wa mpakani, bima ya afya na mikopo ya wanafunzi, kimechomekwa kifungu cha kutukata sisi tusio raia asilimia 3.5 ya kila tunachotuma nje. Nina dola 11,000. Je, nizitume zote Dar es Salaam sasa, au nisubiri Seneti ipige kura?

Binti Pongwe: Kaka, wewe unalilia asilimia, mimi naogopa kupoteza Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Muswada huohuo unataka mtu mzima asiye na mtoto wa kulea athibitishe saa 80 za kazi kila mwezi, na sisi tunaohudumia wazee hupangiwa zamu kwa ujumbe wa simu, Ijumaa usiku. Jana nilijumlisha karatasi zangu za mshahara za Februari nikapata saa 71.

Mzee Kobe: Mwaka 1998 nilishonea dola 200 kwenye upindo wa koti la jirani aliyekuwa akisafiri. Koti lilifika Tanga. Tumeni kwa amani, vijana.

Mto Ruzizi: Huku kwetu Wakongo tunazungumzia chakula, kwa sababu muswada unawaondoa kwenye msaada wa chakula wakimbizi ambao bado hawajapata green card, yaani hasa wale waliofika juzi wakiwa hawana hata sufuria.

Kalamu Nyekundu: Mleta mada, asilimia 3.5 ya dola 11,000 ni dola 385. Sijawahi kuona mtu akikesha kwa ajili ya dola 385. Fedha hizo ni za nani?

Mgeni wa Ohio: Ni za kikundi chetu cha kuzikana. Mimi ndiye mweka hazina, na zimo kwenye akaunti yenye jina langu kwa kuwa kikundi hakijasajiliwa. Nimekwisha kutuma dola 6,000, na kwa hatua hiyo nimewaokolea wanachama dola 210, jambo ambalo sidhani kama ni kosa.

Abu Salma: Fedha ya kuzikana ni amana ya maiti ambaye bado hajafa, mdogo wangu. Mwenzenu akifariki kesho, mtamsafirisha kwa hizo 210 ulizookoa?

Ndimu Kali: Hii ni chai. Makato hayo yataanza baada ya Desemba 31, na leo ni Juni. Kifungu chenyewe kiliandikwa kwa asilimia 5, kikashushwa hadi 3.5 kabla ya kura ya Wawakilishi, na Seneti nayo inaweza kukifyeka tena. Mtu aliyeusoma muswada hadi akakariri hesabu ya kura ameikosaje tarehe? Ama uzi umetungwa, ama kodi ni kisingizio.

Mgeni wa Ohio: Sijatunga chochote. Tarehe niliiona, lakini kiwanja hakikuweza kungoja Desemba. Kipo Kigamboni, mita 20 kwa 30, na mwenye nacho alikuwa amekwisha kupata mnunuzi mwingine. Ni kitega uchumi cha kikundi, na nilikusudia kuwaeleza wanachama kwenye kikao cha Jumamosi. Nilichouliza hapa ni kuhusu zile 5,000 zilizobaki.

Mzee Kobe: Kigamboni mita 20 kwa 30 kwa dola 6,000? Upande gani huo?

Kalamu Nyekundu: Mzee, subiri kidogo. Hati ya mauziano imeandikwa jina la nani?

Mgeni wa Ohio: La kaka yangu, lakini ni kwa muda tu.