Kuondoa michakato iliyoachwa na watumiaji kwenye seva ya pamoja

Msimamizi_Mpya: Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia seva ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 32, ambayo wanafunzi huiingia kwa ssh (njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao). Juzi kumbukumbu iliisha kabisa, na nilipotazama amri ya w (inayoorodhesha walioingia) nikaona watu ambao safu yao ya IDLE imefika siku tatu. Nikaandika skripti ya kuua kwa kill -9 (amri ya kuzima programu papo hapo) kila aliyenyamaza saa mbili. Usiku wa kwanza tu ilikatiza hesabu ya mwanafunzi iliyokuwa imekwenda saa 19. Nifanyeje?

Fundi_wa_Zamu: Pole, ndugu. Kilichokuponza ni kipimo. IDLE huonyesha muda uliopita tangu mtu abonyeze kitu kwenye terminali yake; haisemi lolote kuhusu kazi inayoendelea nyuma yake. Endesha `ps -eo user,pid,stat,time,rss,args --sort=-rss` mara mbili, kwa kupisha nusu saa, kisha utafute mchakato (programu inayoendeshwa) ambao TIME yake (muda wa kichakataji uliotumika) haijasogea ilhali RSS yake (kumbukumbu unayoshikilia) ni kubwa. Sheli (programu inayopokea amri, kama bash) iliyolala hula megabaiti chache tu, kwa hiyo kuifukuza hakukupi nafasi yoyote ya maana. Ukitaka tu zijifunge, weka `readonly TMOUT=3600` ndani ya /etc/profile.d: bash itajifunga ikiwa imekaa inasubiri amri, lakini haitamgusa aliye ndani ya vim (kihariri cha maandishi).

Mzee_wa_Terminali: Naongezea kuhusu -9, maana vijana mnaipenda mno. Mchakato hauwezi kuikamata ishara hiyo, hivyo haupati hata nafasi ya kuhifadhi kitu. Tuma HUP au TERM (ishara za kuuomba ujifunge) kwanza, usubiri kidogo. Vim ikipokea HUP huhifadhi mabadiliko, na mwenyewe huyarejesha kwa `vim -r`. Usikimbilie KillUserProcesses=yes (mpangilio wa kuua michakato ya mtumiaji anapotoka) pia. Systemd (mfumo unaosimamia huduma za Linux) toleo la 230 ilipoifanya kuwa chaguo-msingi mwaka 2016, watumiaji wa tmux na screen (programu za kuendeleza kazi hata ukitoka) walilalamika sana, kwa kuwa kazi zao zilikufa walipotoka. Mimi ningeweka MemoryMax=4G (kikomo cha kumbukumbu) kwenye user-.slice (fungu la systemd la kila mtumiaji), ili kwa anayezidisha ife michakato yake mwenyewe.

Msimamizi_Mpya: Ahsanteni, wakuu. Nimeendesha ps na kukuta R (programu ya takwimu) tatu za mtumiaji mmoja, kila moja imebeba data ileile: mtandao ulipokatika alikuwa akifungua tmux mpya badala ya kurudi kwa `tmux attach`. Nimemwandikia azifunge mbili mwenyewe, na MemoryMax naiweka leo jioni.