LESO! Leso kwenye lenzi ya mtu! (Mods msiunganishe huu uzi)

Wakuu, nimerudi sasa hivi, hata viatu sijavua. Simtaji, ila mnamjua. Yule mwenye darubini kubwa kuliko geti lake na haijawahi kutoka sebuleni.

Huku Pwani kundinyota la Joka halipandi sana hata mwezi Juni, kwa hiyo galaksi ya NGC 5866 (hiyo ni namba yake kwenye orodha ya wanaanga) unaivizia chini chini kaskazini, juu kidogo ya minazi. Nimeitafuta mpaka shingo ikafa ganzi. Nikaipata! Kaukungu kembamba, karefu, kati pameng'aa. Galaksi ya umbo la dengu hiyo: sahani ya nyota inayo kama zile galaksi zenye mikono iliyojizungusha, ila mikono hakuna, na sisi tunaiona kwa ubavu. Nikamwita aone. Akachungulia. "Hili vumbi," akasema. AKATOA LESO AKAFUTA LENZI.

Leso aliyotoka kujifutia mafuta ya mishikaki!

Na vumbi lipo kweli, tena mstari mzima unaikata galaksi katikati, picha ya darubini ya angani ya Hubble ya mwaka 2006 inauonyesha vizuri tu. Lakini liko miaka milioni 50 ya nuru, bwana mkubwa, leso yako haifiki! Foleni nzima ikacheka. Mke wangu akacheka. Halafu eti anaanza kutufundisha kwamba iko kundi moja na galaksi nyingine, M51. Mimi naangalia leso tu.

Kibatari: Pole mkuu, ila kwenye kundi hajaropoka sana. NGC 5866 ina kundi lake na akina NGC 5907 na NGC 5879, majirani ni kundi la M51 na la M101. Orodha nyingi zinayatenga, ila umbali wake unakaribiana, wapo wanaoona ni kundi moja refu lililolegea.

Mleta mada: Nani kauliza makundi? Naongelea LESO.

Mzee wa Utosini: Galaksi yenyewe ina kesi. Watu mnaiita M102, yaani namba 102 kwenye orodha ya Messier, wakati Méchain, mwanaanga aliyemsaidia Messier, mwaka 1783 aliandika kwamba M102 ni galaksi ya M101 iliyohesabiwa mara mbili. Unapigania galaksi isiyo na cheti cha kuzaliwa 😂😂

Mleta mada: Angekufutia wewe kwa mafuta ya mishikaki usingecheka.

Dada Kimondo: Afadhali nyie leso. Jirani yangu kafunga taa ya ulinzi imeelekea kwangu, uani usiku naokota sindano. Nimebaki na Zuhura na mwezi.

Kibatari: Nyeupe ile ya kuumiza macho?

Dada Kimondo: Hiyo hiyo. Magharibi mpaka asubuhi. Uniti zake haziishi, sijui ananunua wapi.

Mzee wa Utosini: Kwangu ni ukumbi wa harusi. Taa, muziki, na MC anayepiga kelele mpaka saa nane.

Mleta mada: Jamani, leso…

Kibatari: Dada Kimondo njoo PM, kuna namna ya kuiziba hiyo taa bila ugomvi.