Mrejesho: malipo ya Bitcoin yaliyokuwa yakichelewa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini wateja wa kampuni yetu changa ya malipo ya sarafu za kidijitali wanasubiri mno, huku wauzaji wakipokea pungufu ya walichouza. Mlisema kweli: bloku ya Bitcoin (fungu la miamala inayothibitishwa pamoja) hutoka kila dakika 10 hivi, na sisi tulikuwa tunasubiri bloku sita ndipo tukubali malipo! Saa nzima mtu kasimama kaunta. Tumehamia Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin, sasa ni sekunde tu. Kuyumba kwa bei ya Bitcoin, kulikowapunja wauzaji, tumekutibu kwa kubadilisha malipo papo hapo kuwa USDC, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola ya Marekani.

Kigumu kilichobaki ni benki. Mbili zimekataa kutufungulia akaunti, ya tatu inataka kwanza kibali cha benki kuu. Yule aliyenishauri nianze na kibali, nilikubishia bure. Niwie radhi.